Komeo la Mashine Namba Nne

Kiwandani walimwita Spana, na hata mumewe, dereva wa lori, alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Alikuwa fundi wa matengenezo katika kiwanda cha mabeseni na ndoo za plastiki, mwanamke pekee katika chumba cha mafundi watano. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameishi na hofu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba siku moja atakosea, kosa dogo tu, na wale wote waliomtazama kwa jicho la pembeni tangu siku ya kwanza watapata nafasi ya kusema, "Si tulisema?"

Alianza kwa kufagia. Alikusanya vipande vya plastiki chini ya mashine, na kila alipopata upenyo alisimama na ufagio wake akimtazama fundi mkuu wa wakati ule, mtu mfupi mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto. Fundi mkuu alichoka kutazamwa. Siku moja akamwambia, "Kama umeamua kunisimamia, angalau shika hii," akampa spana namba kumi na saba. Mfagiaji hakuirudisha tena.

Kitu cha kwanza alichofundishwa hakikuwa nati wala bolti. Kilikuwa komeo.

Mashine ya mabeseni ina kalibu ya chuma yenye pande mbili, kila upande mzito kuliko gari dogo. Pande hizo zinakutana, plastiki ya moto inasukumwa katikati, kisha zinaachana. Mwendeshaji anavuta mlango wa kuteleza, anaingiza mkono, analitoa beseni, anafunga. Kwa sekunde hizo chache mkono wake uko mahali ambapo chuma kikirudi utabaki kama karatasi. Ndiyo maana, pamoja na swichi ya mlangoni inayosimamisha mashine, juu ya mlango kuna komeo, pande la chuma nene kama kifundo cha mkono. Mlango ukifunguliwa tu, linaanguka lenyewe, ta!, na kukaa katikati kama mtu aliyegoma kuondoka. Umeme uchanganyikiwe, bomba la mafuta lipasuke, komeo halijali. Kalibu haifungi.

"Swichi ni ya kukuambia," fundi mkuu alikuwa akisema. "Komeo ni la kukuzuia. Swichi ikikudanganya, utajulia hospitali."

Lakini siku ya kubadilisha kalibu au kurekebisha bawaba, komeo humzuia hata fundi. Hapo hulazimika kulifunga juu kwa waya, afanye kazi yake, kisha alifungue. Waya wa Spana ulikuwa na kitambaa chekundu kilichoshonewa kwenye ncha, ili uonekane. Akimaliza aliufungua na kuuweka mfuko wa kushoto wa ovaroli. Hakuna aliyemwagiza. Ulikuwa woga wake tu, na woga huo ulikuwa umemlinda vizuri.

Mashine namba nne iliendeshwa na wifi yake, dada wa mumewe. Na wakati mambo haya yanatokea, wawili hao walikuwa hawajasalimiana kwa miezi mitatu.

Chanzo kilikuwa mama mkwe. Macho ya bibi yule yalikuwa yameingia ukungu, naye akahamia kwa Spana ili awe karibu na kliniki. Jumapili moja wifi alikuja bila kupiga hodi ya maana, akamkuta mama yake jikoni akimenya viazi kwa kupapasa, kisu mkononi, na mjukuu amemlalia mapajani.

"Mama yangu haoni, nanyi mmemfanya yaya na mpishi kwa mpigo!" akafoka.

Spana alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo. Miguu inawaka moto, kichwa kinagonga. Akajibu maneno ambayo tangu siku hiyo alitamani kuyameza: "Basi mchukue kwako, kama kwako pana nafasi."

Wifi aliishi chumba kimoja, na kila mtu alijua. Alichukua mkoba wake akaondoka. Kuanzia hapo walipishana kiwandani kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya benki. Wenzao walitania kwamba hata mashine namba nne ilikuwa imenuna.

Asubuhi hiyo ilikuwa Jumanne. Spana alikuwa ameomba ruhusa ya kuondoka saa nne, ampeleke mama mkwe kupimwa macho kabla ya upasuaji. Saa tatu na robo akaitwa namba nne: komeo lilikuwa linakwama, halishuki mpaka ligongwe. Akapanda ngazi fupi, akaona tatizo mara moja. Pini ya bawaba ilikuwa imepinda. Wifi, bila kumtazama, akaenda kusaidia upande wa kufungasha.

Spana alilifunga komeo juu kwa waya wake, akaitoa pini iliyopinda, akaingiza mpya. Alikuwa ameisukuma nusu, bado kuifungia, msimamizi wa zamu alipotokea huku akipunga mikono.

"Spana! Namba saba inamwaga mafuta, sakafu nzima ni ziwa! Njoo!"

"Nimalizie hapa."

"Utarudi! Mtu atateleza avunje kiuno, utaniambia nini?"

Akashuka. Namba saba ilimla dakika arobaini. Aliponyanyua uso, saa ya ukutani ilikuwa imepita saa nne, na mumewe alikuwa ameshampigia mara tatu kuuliza kama mama bado anangoja. Alitoka mbio kiwandani bila hata kubadili ovaroli.

Kliniki ya macho ilikuwa imejaa. Walikaa kwenye benchi la mbao, mama mkwe kwa ndani, Spana kwa nje. Muuguzi alikuja akamtia bibi matone yanayofungua mboni, akamwambia asifumbue macho kwenye mwanga kwa saa kadhaa. Kisha akaomba kadi.

Spana aliingiza mkono mfuko wa kulia. Kadi haikuwemo. Akaingiza wa kushoto. Kadi ilikuwemo, peke yake.

Alibaki na mkono mfukoni. Akapapasa tena, mpaka kwenye pindo la mshono, kama kwamba waya wa urefu wa mkono unaweza kujificha kwenye pindo. Waya ulikuwa juu ya mashine namba nne, na komeo lilikuwa bado limefungwa juu, na saa hiyo ilikuwa saa tano kasoro.

"Kadi, mama," muuguzi akasema.

Akampa. Akatoka ukumbini akapiga simu kwa msimamizi. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ndani ya ule mngurumo hakuna anayesikia simu, alijua, lakini alipiga mara ya tatu. Waendeshaji na wafungashaji hufungia simu zao makabatini, na mafundi wenzake nao hawakupokea. Ofisini hapakupokelewa. Alibaki mlinzi wa getini tu, akampigia.

"Getini hapa, karibu."

"Mlinzi, ni Spana. Kimbia ndani uwaambie wazime mashine namba nne. Sasa hivi!"

"Spana, unanijua, geti siachi. Kuna lori hapa dereva ananipigia honi kama nimemwibia mke."

"Achana na lori! Namba nne, nakwambia!"

"Namba nne?" Sauti ya mlinzi ikabadilika. "Mbona huko ndiko watu walikojazana? Nimemwona mtunza stoo sasa hivi akikimbia na sanduku la huduma ya kwanza. Nilidhani..."

Simu ikazima. Chaji ilikuwa imekwisha.

Ni vigumu kueleza alichohisi, ila yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba alisikia sauti za kliniki zikienda mbali, kama mtu aliyezamishwa kichwa ndani ya ndoo. Aliona mkono wa wifi yake. Aliuona wazi, na bangili nyembamba ya plastiki ambayo wifi aliivua kila asubuhi na kuining'iniza kwenye msumari. Na nyuma ya picha hiyo ikaja nyingine, ambayo ilimwaibisha kwa jinsi ilivyokuja haraka: nyuso za watu. Miezi mitatu hawasemezani. Nani angeamini kwamba alisahau?

Alirudi kwenye benchi. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, mikono mapajani, akingoja kwa utulivu kama alivyongoja kila kitu.

"Mama, inabidi nirudi kiwandani. Siwezi kukuacha hapa huoni. Twende wote."

"Bado daktari hajaniita."

"Tutarudi, mama. Nakuomba."

Bibi akainuka bila kuuliza. Walipanda teksi iliyokuwa mlangoni, na ni humo ndani, gari lilipokwama kwenye taa za barabarani, ndipo mama mkwe alipouweka mkono wake juu ya goti la Spana.

"Sema," akasema.

Spana akasema yote. Waya, komeo, namba saba, mlinzi, sanduku. Hakujitetea. Dereva alikuwa anamtazama kwenye kioo.

Taa zikabadilika. Kisha bibi akauliza kwa sauti ndogo, "Huwa anatolea mkono upi?"

"Wa kulia, mama."

"Ndio anaoshonea nguo." Akageuza uso dirishani ingawa macho yalikuwa yamefumbwa. "Mwambie kijana akaze mwendo."

Dereva akakaza bila kuambiwa.

Getini, mlinzi alikuwa bado anabishana na dereva wa lori. Spana alimkalisha mama mkwe kwenye kiti cha mlinzi, akamfunika macho kwa leso, akakimbia. Alipita stoo, akapita namba moja, mbili, tatu. Mbele yake palikuwa na migongo ya watu. Mashine namba nne ilikuwa kimya, mlango wazi. Sakafuni, karibu na ngazi, aliona pamba yenye damu.

Akasukuma watu.

Wifi alikuwa amesimama wima ameegemea mashine, mikono kifuani. Spana aliihesabu: mmoja, wa pili. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimefungwa bandeji ndogo. Vidole vyote vilikuwepo. Akavihesabu tena, midomo ikicheza.

"Afadhali umekuja," msimamizi akasema kwa hasira. "Huyu wifi yako ametoa mabeseni sita, akazima mashine, akapanda ngazi kujishughulisha na mambo asiyoyajua mpaka akajichoma kidole. Sasa amegoma. Anasema harudi kazini mpaka fundi akague komeo. Komeo lina nini? Tazama!"

Akavuta mlango. Ta! Komeo likaanguka, likakaa mahali pake.

Spana akatazama juu. Waya haukuwepo.

"Saa nzima tumesimama kwa kiburi cha mtu mmoja," msimamizi akaendelea. "Barua ya onyo iko mezani kwangu. Na ni ya tatu." Watu wakaguna. Barua mbili za mwanzo zilikuwa za kuchelewa, na ya tatu ilikuwa na maana moja tu kiwandani pale: kukusanya vitu vyako.

Spana alipanda ngazi. Pini mpya ilikuwa vile vile alivyoiacha, imeingia nusu, haijafungiwa. Mtikisiko wa siku moja ungetosha kuitoa, na komeo lingechomoka lote. Akaisukuma mpaka mwisho na kuifungia, akidondosha koleo mara mbili. Kisha akashuka.

"Wifi ana haki. Halikuwa salama," akasema.

"Si umeliona linaanguka?"

"Pini ilikuwa nusu."

Msimamizi akageuka kuwarudisha watu kazini. Alikuwa amekumbuka ni nani aliyemwita Spana aende namba saba.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kitupu saa hiyo. Wifi alimfuata Spana humo, akafunga mlango kwa mgongo, akachomoa kitu ndani ya ovaroli na kukitupa kwenye benchi. Waya, na kile kitambaa chekundu, ncha ya pili ikiwa na damu.

"Chukua uchafu wako."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao baada ya miezi mitatu.

"Ulijuaje?" Spana akauliza.

"Sikusikia ta. Beseni la kwanza nikadhani ni kelele. La pili, la tatu... mkono wenyewe ukakataa kuingia. Nikainua macho, nakuta utepe wako unanipungia." Sauti ilimpanda. "Mara sita, wifi! Mara sita nimeingiza mkono humo!"

"Nilisahau. Naapa nilisahau, niliitwa namba saba, halafu mama—"

"Najua ulisahau. Mimi si mjinga."

"Sasa kwa nini hukumwambia msimamizi? Umebeba barua ya bure."

Wifi akakaa kwenye benchi, akakitazama kidole chake. "Ningemwambia waya ni wa nani? Kiwanda kizima kinajua hatusalimiani. Nusu wangesema umetaka kuniua, nusu wangesema nimeufunga mwenyewe nikusingizie. Na kaka yangu angekaa wapi katikati ya maneno hayo? Nikaona afadhali waseme mimi mkaidi. Hilo wamelizoea." Kisha akainua kichwa ghafla. "Mama yuko wapi? Si leo ndiyo kliniki?"

"Getini."

"Geti lipi?"

"La kiwanda. Ametiwa dawa ya macho, sikuweza kumwacha."

"Umemleta mama yangu kiwandani haoni, umemkalisha na malori?" Alikuwa ameshasimama. "Wewe mwanamke, ungepewa ulimwengu uushike dakika mbili ungeudondosha!" Akatoka akikimbia. Spana alibaki peke yake, akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kuwa kilio alichokuwa amekizuia tangu kliniki.

Mchana huo wifi mwenyewe ndiye aliyemrudisha mama kwa daktari. Spana alibaki, kwa sababu alikuwa na safari nyingine: ngazi kumi na nne za kwenda ofisi ya meneja. Msimamizi alimkuta kwenye ngazi ya tatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kusema waya ulikuwa wangu."

"Waya gani?" Akamtazama, akaelewa, akashusha sauti. "Sikiliza, dada yangu. Kuna aliyekatika? Hakuna. Ile barua naweza kuilainisha, ikawa onyo la mdomo tu. Ukifungua hilo, utaulizwa kwa nini uliondoka kabla hujamaliza. Nami nitaulizwa. Umekaa hapa miaka kumi na mmoja, mwanamke peke yako. Unataka kuwapa watu la kusema?"

Alikuwa amegusa penyewe. Spana alisimama pale ameshika reli ya ngazi. Njia ya kushuka ilikuwa rahisi na fupi, na hakuna ambaye angejua. Baadaye alisema kwamba hakuwaza ushujaa wowote. Aliwaza tu kwamba akishuka, kila asubuhi atakapopita namba nne atalazimika kutazama pembeni, naye alikuwa tayari amechoka kutazama pembeni.

"Wewe ndiye uliyeniita namba saba, na mimi ndiye niliyekubali," akamwambia. "Nitasema vyote viwili."

Meneja alisikiliza bila kumkatiza, akaandika, akauliza maswali machache makavu. Alitaka kuuona waya. Aliuweka mezani juu ya karatasi zake na kuutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Barua ya wifi ilichanwa siku hiyo hiyo. Spana alisimamishwa kazi wiki tatu bila mshahara, na msimamizi alihamishiwa stoo. Utaratibu mpya ukabandikwa ukutani: komeo likifungwa, ufunguo wa mashine unakaa mfukoni mwa fundi, na hakuna wa kumwondoa hapo, hata kama kiwanda chote kinamwaga mafuta.

Zile wiki tatu zilikuwa mbaya kuliko kukosa mshahara. Alishtuka usingizini akihesabu vidole vya watoto wake. Alifungua na kufunga mlango wa kabati mpaka mumewe akamwambia, "Spana, hilo ni kabati la vikombe, halimng'ati mtu." Na maneno yalimfikia. Wapo waliosema alisahau. Wapo waliosema, kwa kutia chumvi, kwamba fundi mzoefu hasahau kitu kama hicho kwenye mashine ya wifi yake. Haya ya pili hayakuisha hata aliporudi. Yalipungua sauti tu. Na lile "si tulisema" lilisemwa pia, na mtu aliyekunywa naye chai miaka minane. Liliuma kama alivyotarajia, lakini halikumuua.

Siku ya kurudi kazini, kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua namba nne. Kwa mwaka mzima kila kazi yake ingekaguliwa na fundi mwingine na kutiwa sahihi, kwa hiyo fundi huyo alisimama kando na kalamu. Alipomaliza, fundi akatia sahihi. Wifi akaja na glavu zake.

"Salama?" akauliza.

"Salama."

"Lijaribu nione."

Spana akavuta mlango. Komeo likaanguka.

"Tena," wifi akasema.

Akavuta. Likaanguka.

"Tena."

Walifanya hivyo mara kumi na mbili. Wenzao waliacha kazi wakatazama, mtu mmoja akaanza kucheka, akaona nyuso zao akaacha. Baada ya hapo wifi alivaa glavu, akawasha mashine, na lilipotoka beseni la kwanza Spana alikuwa bado amesimama pale, macho kwenye mkono ule wa kulia, unaingia, unatoka.

"Nenda kafanye kazi," wifi akamwambia bila kugeuka. "Unanitia woga."

Mama mkwe alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata, jicho moja, na la pili likapangwa baadaye. Alipoondolewa bandeji walikuwepo wote wawili, kila mmoja upande wake wa kitanda, wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu nani atamhifadhi wiki za kupona. Bibi alikamata mkono wa kulia wa binti yake, akausogeza karibu na jicho, akaugeuza nyuma na mbele kwa makini, kidole kwa kidole. Kisha akawaambia wote wawili wanyamaze, kwa sababu alitaka kuuona ule mti nje ya dirisha.